Kanga, kitenge, kikoi au batiki: kipi ukikate, kipi ukiache kizima

Nyuma ya cherehani ya fundi wangu, hapa Tanga, hukaa kiroba cha mabaki. Kila akikata gauni au shati, vipande vinavyodondoka hutupiwa humo, na kiroba kikifura hukisukuma nje kwa mguu, mwenye kutaka achukue. Nusu ya vitu nilivyowahi kutengeneza nyumbani vimetoka humo: bangili, hereni, vibanio vya nywele, vishikio vya sufuria, mikoba miwili mitatu ya kuunga vipande. Nusu nyingine nilinunua kitambaa kizima, na huko ndiko nilikopoteza hela, maana nilikuwa nachagua kwa macho tu. Ua likinipendeza, nanunua. Nafika nyumbani, nashika mkasi, ndipo naona ua lenyewe ni kubwa kuliko mkoba ninaotaka kushona.

Watu huniuliza: nianze na kanga au kitenge? Nami huwauliza: unataka kutengeneza nini, na hicho kitu kitakutana na nini? Kitalowa? Kitavutwa? Kitakatwa vidogo kiasi gani? Anayejua majibu ya hayo matatu hahangaiki sana dukani.

Kanga na kitenge mbele ya mkasi

Vyote viwili ni pamba, vikiwa vya kweli, na dukani huning'inizwa ukuta mmoja. Lakini ukishashika mkasi, ni vitu viwili visivyofanana kabisa.

Kanga ina mpaka wake. Pindo limeizunguka pande zote nne, mji ni ile sehemu ya katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyochapwa, liko juu ya pindo la chini. Huuzwa kwa doti, yaani mbili zilizoshikana, kila moja ikiwa na urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa sentimita 100 hadi 110. Husimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi zikiwa bado kwenye jora, hazijakatwa, wakaziunga sita sita kupata nguo moja ya kujifunga. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuzileta zikiwa zimechapwa nzima. Mombasa bado wanaiita leso hadi leo, na duka la Kaderdina Hajee Essak, lile ambalo kanga zake huandikwa "Mali ya Abdulla", lilianza huko mwaka 1887. Kwa hiyo anayekwambia ni dhambi kushona kanga vitu vingine, mwambie kanga yenyewe ilianza kwa sindano ya mtu nyumbani kwake.

Kitenge hakina mwanzo wala mwisho. Mtindo wake ulitokana na batiki za Java, vitambaa vinavyochorwa kwa nta kabla ya kutiwa rangi, ambazo Waholanzi waliziiga kwa mashine. Kampuni yao ya Vlisco, inayovitengeneza mjini Helmond, ipo tangu 1846. Kitenge cha nta cha kweli kimeingia rangi pande zote mbili, ukikigeuza hujui mbele ni wapi. Vile vya kuchapwa upande mmoja vina mgongo uliofifia. Vyote viwili, ua linajirudia tena na tena, kwa hiyo ukate kulia, ukate kushoto, hujaharibu kitu.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na nilijifunza kwa aibu. Binamu yangu alikuwa anaolewa, nikaona nimshonee foronya za mito ya sebuleni. Nikanunua kanga ya rangi ya machungwa yenye jina JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nikatoa vipande vitatu sawasawa, kila kimoja sentimita 42 kwa urefu wote wa upande wa pili, nikashona jioni mbili, nikaipanga mito mitatu kwenye kochi nione ilivyo. Shangazi akaingia, akasimama, akasoma. Mto wa kwanza: JAPO. Wa tatu: SIKATI. Ule wa katikati, wa kukaa nao bwana na bibi harusi, umeandikwa kwa herufi kubwa: SIPATI TAMAA. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, hii unampa bibi harusi au unampa talaka?"

Kwa hiyo kabla hujakata kanga, isome. Kama jina ni fupi, WEMA HAUOZI kwa mfano, linaweza kuenea kwenye mto mmoja ukipima vizuri. Likiwa refu, usilikate. Toa ukanda mzima wa chini, jina pamoja na pindo lake, kama sentimita 35 kwa 150, ukunge kingo, upate kitambaa kirefu cha katikati ya meza. Mji uliobaki juu ndio ukate mito. Kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusi, mimi siikati kabisa, ingawa mji wake wa vidoti ungefaa sana. Hilo ni langu. Mwingine anaweza kuona naringa.

Kwa hesabu ya mito, kanga ndiyo nafuu. Foronya isiyo na zipu, ile ya kupandana nyuma, ya mto wa sentimita 40, hutaka kipande cha 42 kwa 100: arubaini za mbele, arubaini za nyuma, kumi na tano za kupandana, zilizobaki za kukunga. Kanga moja hutoa tatu, doti sita. Kitenge cha yadi 6 kina upana wa takribani sentimita 115, nacho hutoa nyingi zaidi, ila ni lazima ununue pisi nzima au umpate muuzaji anayekubali kukata yadi mbili. Wengi hukubali ukiwa mteja wake. Wengine hukuangalia kama umemtukana.

Kanga ni laini na nyepesi, hunywa maji vizuri ikishafuliwa mara mbili tatu. Ndiyo maana mama zetu walifanyia mbeleko na nepi. Kama unashona vitu vya mtoto mchanga, kitambaa cha kumfutia mate, bibu, shuka la kitanda chake kidogo, chukua kanga, tena iliyokwisha kuzeeka. Mpya bado ina wanga na inakwaruza. Lakini wepesi huohuo ndio unaoifanya isifae kwa mkoba. Niliwahi kushona mmoja bila bitana, nikaenda nao sokoni, viazi kilo mbili vikachungulia kwenye mshono kabla sijafika kituoni.

Kitenge ni kizito kidogo na kinashika umbo. Hereni, bangili, vifungo vya kufunika, vibanio vya nywele, maua ya kubandika kwenye nguo, vibendera vya kutundika siku ya sherehe: hivi vyote ni kazi ya kitenge. Angalia tu ukubwa wa ua. Kwa hereni ya sentimita 4 unahitaji maua madogo au mistari. Kitenge chenye feni na tausi kitakupa hereni moja ya bluu tupu na nyingine yenye jicho la ndege.

Kwanza kichome moto

Siku hizi kuna vitenge vingi ambavyo si pamba. Vinang'aa, havijikunji, bei yake inakufanya uhisi umeokota. Chomoa uzi mmoja pembeni, mwombe muuzaji kiberiti. Pamba huwaka haraka, hunuka kama karatasi inayoungua, na jivu lake husagika kwenye vidole. Poliesta hujikunyata, huyeyuka, na huacha kitone kigumu cheusi. Ukikuta kitone hicho, jua pasi ya moto itakiharibu, kishikio cha sufuria kitaganda kwenye sufuria, na jasho halitapenya. Kwa vishikio vya sufuria hili si la mzaha, poliesta iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi.

Ila kuna kazi moja ambapo poliesta inaipiku pamba, nayo ni maua ya kitambaa. Unakata duara duara, unapitisha kingo karibu na mwali wa mshumaa, zinajikunja zenyewe kama petali na hazifumuki tena. Pamba ukiijaribia hivyo utapata majivu. Kwa hiyo nikikikuta kitenge cha poliesta kwenye kiroba sikitupi, nakiweka kwenye mfuko wa maua.

Kuhusu kufua kabla ya kukata, wengi hukwambia fua kila kitu. Mimi naona si lazima. Kitu kitakachofuliwa baadaye, mto, mkoba, bibu, kitambaa chake lazima kilale kwenye maji ya baridi usiku mmoja, kwa sababu pamba huruka, yaani hupungua ikilowa. Ukishona kwanza ukafua baadaye, mto wako utavimba kama chapati. Lakini hereni na boksi la kuwekea vipodozi havitafuliwa milele. Hapo acha wanga ulivyo: kitambaa kigumu hukatika vizuri na nyuzi hazichomoki ovyo. Na rangi ikichuja kwenye beseni, loweka tena peke yake mpaka maji yawe meupe. Chumvi na siki zinazosifiwa sana sijaona zikizuia kitu.

Kikoi na batiki, kwa ufupi

Kikoi hakikuchapwa, kimefumwa. Mistari yake iko ndani ya nyuzi. Kwa hiyo hakina mbele wala nyuma, hakifubai haraka, na kinabeba uzito. Kwa mkoba wa sokoni au begi la ufukweni sioni kinachokishinda. Tatizo ni kingo: ukishakata, nyuzi zinaanza kutembea, na asubuhi unakuta kipande kimepungua kidole kizima. Usikikate vipande vidogo. Tumia upande wenye matamvua uwe mdomo wa mkoba au mwisho wa kitambaa cha meza, upate pambo bila kushona.

Batiki ndiyo ninayoipenda na ndiyo ninayoitumia kidogo. Hakuna vipande viwili vinavyofanana. Ile mipasuko myembamba pale nta ilipovunjika na rangi ikapenya haiwezi kuigwa. Ukinyoosha kipande kwenye ubao na kukitia fremu, una picha ya ukutani. Lakini batiki nyingi za mitaani hazikusuuzwa vya kutosha, na nimewahi kuona mto wa zambarau ukiacha alama kwenye shati jeupe la mgeni. Ya ukutani sawa. Ya kukaliwa, ifue mara tatu kwanza.

| | Kukata vidogo | Kufua mara kwa mara | Kubeba uzito |
|---|---|---|---|
| Kanga | hapana, utaua jina | ndiyo, inazidi kulainika | hapana bila bitana |
| Kitenge cha pamba | ndiyo | ndiyo | ndiyo, kikiwa mara mbili |
| Kitenge cha poliesta | maua tu | ndiyo, bila pasi ya moto | inategemea uzito wake |
| Kikoi | hapana, kinafumuka | ndiyo | ndiyo |
| Batiki | ndiyo | baada ya kuhakikisha haichuji | inategemea kitambaa chake |

Gundi au sindano?

Hapa ndipo wanaoanza wanapogawanyika. Gundi inaonekana rahisi: pakaza, bandika, maliza. Sindano inaonekana kazi ya bibi. Kwa kitu kitakachokaa kabatini, gundi imeshinda. Kwa kitu kitakachovaliwa au kufuliwa, mimi bado niko upande wa bibi.

Gundi ya bei ya chini kabisa unapika mwenyewe: unga wa ngano au wa muhogo, maji, moto mdogo, koroga mpaka uwe uji mzito unaong'aa. Inafaa kufunika boksi la viatu, makopo ya maziwa ya kuwekea kalamu, jalada la daftari. Inanyooka vizuri, haina harufu, watoto wanaweza kuichezea. Lakini ni chakula, na wewe si peke yako unayejua hilo. Mende na panya wa nyumba yangu walikula kona tatu za boksi la mwanangu kwa wiki mbili. Pia isipokauka vizuri msimu wa mvua huota ukungu. Bandika tabaka jembamba, anika kwenye upepo, usiharakishe.

Gundi nyeupe ya mbao ni hatua moja juu. Haivutii wadudu kiasi kile, na ikikauka haionekani. Ukiichanganya na maji kidogo na kuipaka juu ya kitenge kilichobandikwa kwenye kadibodi, kitambaa kinakuwa kigumu na kingo hazifumuki. Hereni nyingi za kitenge unazoziona zimetengenezwa hivyo. Udhaifu wake ni maji. Niliwahi kuuza hereni jozi kumi na moja kwenye sherehe ya mtaa. Jioni ikanyesha. Kesho yake mteja mmoja akaja na hereni zake kiganjani: zimegeuka nyeupe kama zimepakwa maziwa, kadibodi imevimba, ua limejitenga. Nilimrudishia hela yake, tangu hapo hereni za kuuza napaka vanishi ya mbao juu, mara mbili, mbele na nyuma na kwenye kingo, naziacha siku nzima. Hata hivyo humwambia mnunuzi asiogelee nazo.

Gundi ya fundi viatu, ile ya njano inayonuka, ndiyo ya kubandika kitenge kwenye ngozi na mpira: kandambili, mikanda, kava la simu. Haiogopi maji. Unapaka pande zote mbili, unasubiri ikauke kidogo, ndipo unabandika, na ukishabandika hakuna kurekebisha. Fanyia nje, si chumbani mtoto alipolala.

Supa gluu watu huikimbilia kwa kila kitu, na kwa kitambaa cha pamba ndiyo mbaya kuliko zote. Ikigusana na pamba hupata moto, wakati mwingine hutoa moshi, na inaweza kukuunguza vidole. Juu ya hayo inaacha doa gumu lisilotoka kirahisi. Iweke kwa kubandika kile kichuma cha hereni kwenye kadibodi, tone moja, mbali na kitambaa.

Ile gundi ya vijiti inayoyeyushwa na kifaa cha umeme ni ya haraka, imenisaidia siku za haraka, lakini kwa joto letu nimeona maua yaliyobandikwa nayo yakilegea ndani ya gari lililoegeshwa juani. Na umeme ukikatika, kazi imeisha.

Sindano haina hayo yote. Sindano, uzi, na mishono miwili inatosha kwa karibu kila kitu cha nyumbani: bandi, ile ya kushikiza kwa hatua ndefu, na mshono wa kurudi nyuma, unaokwenda mbele hatua mbili na kurudi moja. Foronya ya kushona kwa mkono inakula jioni moja, redio ikiwa inaongea. Mkoba unakula jioni tatu, kama una subira. Kama huna, kata vizuri, piga pasi, piga bandi, mpelekee fundi akupitishie cherehani tu. Anayekuta kazi imeshakatwa na kushikizwa hutoza kidogo sana, maana umemwachia sehemu ya dakika kumi.

Kazi zenyewe, moja moja

Kama una mabaki tu na huna hela ya kitu kingine, anza na vibanio vya nywele. Ukanda wa sentimita 10 kwa 55, ukunje kwa urefu, ushone uwe mrija, ugeuze, upitishe lastiki ya sentimita 20, funga ncha. Binti yangu wa miaka tisa anatengeneza kimoja huku anaangalia katuni. Vikiharibika hakuna aliyelia.

Bangili zinapendeza zaidi ila zinahitaji mwili. Wengi hununua bangili za plastiki za bei rahisi na kuzifunika. Mimi natumia ile pete ngumu ya karatasi inayobaki selotepu pana ikiisha. Fundi redio na wenye maduka ya vifurushi wanazitupa kila siku. Kata ukanda wa kitenge upana wa vidole viwili, na uukate mshazari, si kufuata uzi. Hii siri ndogo inabadilisha kila kitu: kitambaa cha mshazari kinavutika, kinalala kwenye mzingo bila makunyanzi. Zungusha huku unapaka gundi nyeupe, kila mzunguko upande nusu ya uliotangulia. Ukimaliza vanishi. Kata wa kufuata uzi na bangili yako itaonekana kama kidole kilichofungwa bandeji.

Hereni ni za haraka kuliko bangili, ila ndizo nilizorudishiwa zaidi. Bangili inaficha makosa ndani ya mkono. Hereni iko karibu na uso wa mtu na kila anayesalimiana naye anaiona. Jozi lazima zifanane kwa uzito pia. Kama unatengeneza za kuuza, kata kadibodi zote kwa kufuata kifuniko kimoja cha chupa, usiamini jicho.

Mto ndio zawadi. Unaonekana mkubwa, unakaa miaka, na gharama kubwa si kitambaa bali cha kujazia. Hapa linganisha sawasawa. Sponji iliyochanwa ni rahisi kupata lakini inajikusanya vidonge vidonge. Pamba ya madukani ni ghali. Sufi, kama una ndugu kijijini mwenye mti wake, ni bure na ni laini kuliko vyote, ila jaza nje ya nyumba na ufunike pua, na foronya ya ndani iwe ya kitambaa kilichobana sana kwa sababu nyuzi zake zinapenya. Mabaki ya kitenge yaliyokatwa vidogo vidogo nayo yanajaza, lakini mto unakuwa mzito kama mfuko wa unga. Kwa mto wa mlangoni wa kuzuia upepo, huo uzito ndio unaoutaka.

Mkoba ndio unaonirudishia hela. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na Tanzania ifuate Juni 2019, kila mtu anatembea na mfuko wake, na ile ya viwandani inayouzwa kwa mia chache inachanika mapema. Yadi moja ya kitenge inatosha mkoba mmoja wenye bitana, ukikata hivi: vipande vinne vya sentimita 40 kwa 45, viwili vya nje na viwili vya ndani. Pembeni unabakiwa na ukanda wa sentimita 11 kwa urefu wote wa 115. Ukate katikati, kila nusu uikunje mara nne, uishone, hiyo ni mikono miwili. Hakuna kinachobaki ila ukanda mmoja, nao ni vibanio vya nywele. Kama mkoba ni wa viazi na nazi, weka bitana ya jinzi la mtumba badala ya kitenge, na mikono uishone msalaba mahali inaposhikana na mdomo, kwa sababu hapo ndipo inapong'oka.

Vishikio vya sufuria vinatumia vipande vibaya kuliko vyote, ila lazima viwe pamba, na katikati uweke taulo kuukuu mara mbili.

Kwa hiyo ununue nini?

Mwenye watoto nyumbani likizo na hana bajeti, asinunue chochote. Aende kwa fundi na soda mkononi, aombe kiroba, apike gundi ya unga. Boksi, makopo, vibanio. Akitumia shilingi elfu chache za lastiki na uzi, amezidisha.

Mwenye harusi ya ndugu, doti moja ya kanga, achague jina kabla ya rangi. Foronya nne, kitambaa cha meza chenye jina, na bado anabaki na vipande.

Mwenye kutaka kuuza achukue kitenge cha pamba chenye maua madogo, yadi 6 za aina moja kuliko yadi mbili mbili za aina tatu. Nilifikiri wateja wanataka aina nyingi. Kumbe wanataka bangili, hereni na mkoba vinavyofanana, avae vyote Jumapili. Seti moja ya kitenge kimoja inauzika haraka kuliko vitu vitatu vizuri visivyojuana. Na usinunulie mtaa wa watalii. Nenda wanakonunua mafundi wenyewe, Kariakoo kule Mtaa wa Uhuru, au Biashara Street ukiwa Mombasa, asubuhi, kabla muuzaji hajachoka na maswali yako ya kiberiti.

Nyumba iliyo karibu na bahari, mnaoga na kukaa mchangani, kikoi. Nunua kimoja kizuri, usikate ila mara moja.

Binamu yangu nilimnunulia doti nyingine, nikamshonea mito isiyo na neno hata moja. Ile mito mitatu ilibaki kwangu. JAPO nimeifumua ikawa vishikio vya sufuria. SIPATI TAMAA shangazi aliiomba mwenyewe, iko kwenye kiti chake cha barazani, na kila mgeni lazima asimuliwe. SIKATI nimeipigilia ukutani, juu ya meza ninayokatia.